Breki ya Kushoto ya Trekta la Baba

Mdogo wangu hanipigii simu kunisalimia. Akipiga, ujue kuna kitu kimekufa, kimekwama au kimegonga. Siku hiyo aliniamkia vizuri, akauliza hali ya shemeji yake, akauliza na mvua za Ngara, nikajua mambo ni makubwa. Mwishowe akasema, "Kaka, baba ameingia jikoni na trekta."

Nikamuuliza kama mama ni mzima. Akasema mama ni mzima, alikuwa ametoka jikoni kwenda kuchukua chumvi nyumba kubwa. Ukuta mmoja umelala chini, sufuria mbili zimekuwa sahani, na kuku mmoja hajulikani alipo. Baba hana hata mchubuko. Kisha akashusha sauti. "Uje utazame. Kama ni breki, tengeneza. Kama ni baba, umwambie wewe aache kuendesha. Watoto wangu wanacheza kwenye ule uwanja. Lakini mimi siwezi kumwomba baba ufunguo. Wewe ndiye mkubwa."

Mimi ni fundi. Gereji yangu iko Nyamiaga, hatua chache kutoka mjini Ngara, na wazazi wangu wako Bisibo, wilaya ya Biharamulo, ambako tulihamia na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwetu anayeshika plau ndiye mwenye nyumba. Babu yangu alishika plau mpaka mwaka alioumwa kifua, akampa baba fimbo ya ng'ombe, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemuuliza tena mtama upandwe lini. Alitafutiwa kiti, akawa analetewa uji. Misimu miwili baadaye tukamzika. Madaktari walisema ni mapafu. Baba husema babu alikufa kwa uji.

Kwa hiyo nilielewa vizuri ninachoombwa. Ufunguo wa lile trekta baba anauvaa shingoni kwa kamba ya katani, halali bila huo. Kuuomba ni kumtafutia kiti.

Jambo jingine, na hili lilinikera zaidi ya jiko, ni kwamba trekta lile nililikagua mimi kabla baba hajalinunua. Lilikuwa la mtumba, jekundu, au lilikuwa jekundu zamani. Aliyeliuza alisema lilikuwa likibeba maji kambini Lukole enzi za wakimbizi. Huku Ngara kila chuma kikuukuu kimetoka Lukole, hata sufuria, kwa hiyo hilo nililiacha lipite. Nilichokagua ni injini, gia na breki, na breki zilishika zote mbili, kushoto na kulia. Baba akauza ng'ombe wake wa kulimia, akalichukua. Sasa ni misimu minne. Breki za trekta la kulima heka chache haziishi kwa misimu minne, labda mtu azichukie.

Nikafunga jeki, spana na nyundo kwenye gunia, nikapanda basi la asubuhi. Biharamulo mjini mdogo wangu akanipokea na pikipiki. Njiani aligeuza shingo mara moja akasema, "Mimi siliogopi trekta, kaka. Namuogopa baba." Nikamwambia atazame mbele.

Nilimkuta baba amekaa kwenye jembe la trekta, anatazama lile jiko lisilo na ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya jiko au trekta?"

"Trekta."

"Aliyeumia ni jiko," akasema.

Mama alitoka na maji ya kunawa. Nilipompa pole alinijibu kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia bei ya vitunguu. "Nimempikia baba yenu miaka hamsini, hajawahi kutia mguu jikoni. Siku aliyoamua kuingia kaingia na trekta, na hodi hakupiga." Baba akakohoa, akatazama pembeni.

Nilianza kazi hapo hapo, sikusubiri chai. Nieleze kidogo, maana bila hili mtu hataelewa ugomvi wetu. Trekta la aina ile lina pedali mbili za breki, zote upande wa mguu wa kulia. Moja inashika gurudumu la nyuma la kushoto, nyingine la kulia. Shambani unaziacha zikiwa mbalimbali: ukifika kona unakanyaga ya upande mmoja, gurudumu lile linasimama na trekta linageuka papo hapo. Ukitoka shambani kurudi nyumbani unazifunga pamoja kwa kikomeo kidogo cha chuma, ili ukikanyaga, magurudumu yote mawili yashike sawa. Anayesahau kikomeo hupelekwa asikotaka kwenda.

"Hakufunga kikomeo," mdogo wangu akasema.

"Nilifunga," akasema baba.

Nikainama kutazama. Kikomeo kilikuwa kimefungwa, na vumbi juu yake halikuwa limeguswa tangu siku ya tukio. Nikamwita mdogo wangu aje aone kwa macho yake. Akaona. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimekuja kama hakimu, lakini hakimu naye ana baba.

Nikafungua kikomeo, nikakanyaga pedali moja moja. Ya kulia ilishuka upana wa vidole viwili, ikashika, ikagoma. Ya kushoto ilishuka, ikashuka, ikakaribia kugusa bodi, ndipo ikashika kivivu. Nikamuuliza baba trekta huwa linafanya nini akikanyaga zote. "Linavuta kulia," akasema. Na jiko liko kulia mtu anapoingia uwanjani. Alama za matairi zilikuwa bado zipo ardhini, zimepinda kulia moja kwa moja hadi ukutani. Nikamtazama mdogo wangu kwa jicho ambalo kaka mkubwa anaruhusiwa kulitumia. Mambo yalikuwa yanajieleza yenyewe.

Tukayazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nikainua nyuma kwa jeki na magogo mawili ya mkaratusi. Mdogo wangu akakanyaga pedali zote kwa pamoja, mimi nikajaribu kuzungusha magurudumu kwa mkono. La kulia halikutikisika. La kushoto nililizungusha huku naongea. Tulipolitoa gurudumu lile, kazi ya watu watatu na matusi machache, nikaondoa ngoma ya breki nikiwa nategemea kukuta oili. Kwa kawaida sili ya ekseli ikichoka, oili huingia kwenye breki, na breki yenye oili haishiki. Ndani kulikuwa kukavu kabisa, vumbi jekundu tupu. Lakini lainingi, yaani ile ngozi ngumu inayobana ngoma, ilikuwa imekwisha mpaka vichwa vya ribiti, misumari inayoishikilia, vimejitokeza na kuichora ngoma mistari. Nikafungua upande wa kulia. Lainingi ilikuwa nene kama siku niliyoikagua.

Nimekuwa fundi karibu miaka thelathini. Breki kuisha ni kawaida. Breki moja kuisha na mwenzake akabaki bikira si kawaida, na sipendi kufunga kitu kabla sijajua kilikufaje. Nikamuuliza baba analimaje. Akaniambia analima kama watu wanavyolima. Nikaona nikimuuliza tena tutakosana, nikafuta mikono, nikaenda shambani.

Shamba lilinijibu mara moja. Dereva wa trekta hulima kwa vipande, anakwenda na kurudi, kona nyingine anakata kushoto na nyingine kulia. Baba alikuwa amelima kwa kuzunguka. Alianza ukingoni, akakata kushoto kwenye kila pembe, akawa anaingia ndani, anaingia ndani, mpaka akamalizia katikati kwenye kajisehemu kadogo kama jamvi la kukalia. Hivyo ndivyo tulivyolima na ng'ombe. Plau inalaza udongo kulia, ng'ombe hawapendi kugeuzwa geuzwa, basi unawazungusha kushoto tangu asubuhi mpaka jua kali. Mimi mwenyewe niliwaongoza hivyo utotoni, na hata leo nikipewa uwanja wa mpira niulime, miguu yangu itaanza pembeni na kukata kushoto.

Misimu minne, kila pembe kushoto, kila siku pedali ile ile. Yule wa kulia hakuwa na kazi yoyote zaidi ya kurudi nyumbani jioni.

Nikarudi nikamwambia, "Baba, unalizungusha kama ng'ombe."

"Shamba ni lile lile," akasema. "Na udongo unalala kulia vile vile."

Nikamgeukia mdogo wangu nikamweleza kwa kirefu, pengine kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, kwamba baba hana tatizo, tatizo ni lainingi, na mtu akiona mzee amegonga kitu asikimbilie kuhesabu mvi zake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya kaka. Wewe ndiye fundi."

Kesho yake nikaenda Biharamulo mjini kutafuta lainingi. Mwenye duka la vipuri ni mtu mzima wa familia iliyotoka pwani enzi za babu yake, na Kiswahili chake kinatufanya sisi wengine tuonekane tumejifunza kwa barua. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaniuliza ya nyumbani, ya shambani, ya mifugo, ndipo akanijulisha kwamba lainingi za trekta lile hana, hajapata kuwa nazo, na hatarajii. Alichokuwa nacho ni lainingi ya lori. "Ataivaa, inshallah, ukiipunguza kidogo," akasema, utadhani anazungumzia kanzu. Niliipunguza kwa msumeno na tupa siku nzima chini ya mwembe usio na kivuli, nikatoboa, nikapigilia ribiti, nikaisawazisha ngoma, nikabadilisha na upande wa kulia ili zilingane. Nikarekebisha pedali mpaka zote mbili zikawa zinashuka vidole viwili na kushika. Nitasema ukweli hata kama ni kujisifu: ilikuwa kazi safi. Pedali ile hata mtoto wa darasa la pili angeikanyaga na trekta likasimama.

Jioni, jua likiwa bado juu, nikamwambia baba tukajaribu. Alivua ufunguo shingoni, akawasha, mimi nikakaa juu ya madigadi. Tukashuka njia ya mtoni, ambayo ina mteremko wa kutosha. Nikasema, "Simama." Trekta likasimama sawia, halikuvuta huku wala kule. Tukaenda. Nikasema tena, likasimama. Nilikuwa najisikia vizuri. Mara ya tatu nikawa sitazami magurudumu, namtazama yeye, kwa sababu ya raha tu, mtu kumwangalia baba yake akifurahia kazi yake.

Nikasema, "Simama." Mkono wake wa kulia ukaacha usukani, ukashika suruali kwenye goti, ukauinua mguu, ukauweka juu ya pedali. Kisha mkono ukaurudia usukani. Trekta likasimama vizuri kabisa.

Nilidhani anajikuna. Nikamwambia aende, nikasema simama. Mkono ukashuka, ukashika suruali, ukainua mguu.

Baba akazima injini. Mtu mmoja akapita na baiskeli yenye mkungu wa ndizi, akatuamkia, tukaitikia, akaenda zake.

"Umeona," baba akasema.

"Nimeona nini, baba?"

"Usinifanye mtoto, ng'wana wane." Hilo neno, mwanangu, kwa Kisukuma, hajaniita hivyo tangu nioe. "Ni tangu mvua za kwanza. Mguu upo, hauumi, ila nikiuita hauji. Shambani hakuna haraka, nauinua. Siku ile mama yako alikuwa ametoka jikoni, anavuka mbele yangu kwenda kushoto, hajui kama nipo. Mguu haukuja. Mkono nao ulikuwa umeshika usukani. Ningeuachia nishike mguu, nisingeweza kumkwepa. Nikakata kulia."

Nilitazama chini. Nikakumbuka zile alama za matairi uwanjani, zilivyopinda vizuri mpaka ukutani, laini kabisa. Hakukuwa na mahali hata pamoja ambapo tairi limeburuza udongo. Tairi linaloshikwa na breki huburuza. Fundi wa miaka thelathini alikuwa amesimama juu ya alama zile akimkodolea macho mdogo wake. Breki ya kushoto haikuhusika, wala ya kulia. Hakuna breki iliyokanyagwa siku ile. Nilikuwa nimetengeneza, kwa ustadi mkubwa, kitu kisichokuwa na kesi.

Iliniuma. Na sikujua kipi kiliniuma zaidi, ule mguu au kwamba ameubeba peke yake msimu mzima, anauinua kwa mkono kama mzigo wa mtu mwingine.

"Ufunguo nitautoa," akasema. "Sitaki kumuua mtu. Lakini mambo ya mguu usiyapeleke nyumbani. Ukiyapeleka, kesho wataniletea kiti."

"Sasa niseme nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye fundi."

Nikaendesha mimi kurudi, yeye akakaa kwenye madigadi. Tulipofika, tukala. Mdogo wangu alisubiri mpaka mama alipoondoa sahani, ndipo akauliza, kwa adabu, mkaguzi amefikia wapi. Nikamwambia breki zilikuwa mbovu, nimezitengeneza, zinashika zote. Ila lainingi niliyopata ni ya lori, ni ngumu mno, inataka mguu wa kijana. Mzee ataweza, lakini itamchosha bure. Basi mpaka ilainike, yeye mdogo wangu aendeshe, na baba awe anamwonyesha pa kulima na lini, kwa kuwa hayo kijana hayajui.

"Mpaka ilainike lini?"

"Msimu mmoja. Au miwili."

"Kaka, umetoka Ngara na gunia la spana, umekaa siku tatu, umetengeneza breki ambazo mwenye trekta hawezi kuzikanyaga?"

"Ndiyo."

"Na unaitwa fundi."

"Naitwa fundi."

Mama alinitazama, akatazama kikombe chake. Ukubwa ni jalala, kila takataka hutupwa hapo, na mimi nilikaa kimya nikatupiwa. Nimegombana na wateja kwa maneno madogo kuliko hayo. Mteja mmoja aliyesema nimemfungia boliti vibaya nilimfukuza gerejini na gari lake likiwa bado juu ya jeki. Jioni ile nilisema tu kwamba lainingi za siku hizi hazitabiriki, nikaomba maji ya kuoga.

Asubuhi walitoka kwenda kulima. Baba alisimama karibu na tairi la mbele akiwa amevaa koti lake la kwendea mkutanoni. Akavua ile kamba shingoni, akampa mdogo wangu ufunguo. Mdogo wangu akaupokea kwa mikono miwili, akapanda.

Akakanyaga pedali ili aijaribu kabla ya kuwasha. Mimi nilijua anachokisikia chini ya mguu wake. Vidole viwili, laini, ikashika. Akakanyaga tena, polepole zaidi. Kisha akainua uso akanitazama, na kutoka kwangu macho yake yakaenda kwa baba, yakashuka mpaka miguuni kwake, yakakaa pale kwa muda. Nilimwona anaelewa. Yeye ndiye aliyetaka ufunguo ule, naye ndiye aliyesema kama ni baba, aambiwe. Neno moja tu lingetosha, na mama alikuwa mlangoni anasikia.

"Vipi?" baba akamuuliza.

Mdogo wangu akashika usukani kwa mikono yote miwili, akakaza uso, akakanyaga mara ya tatu kama mtu anayesukuma gunia la mahindi kwa mguu.

"Ngumu, baba," akasema. "Hata mimi inanishinda."

"Utazoea," baba akamwambia.